Akili nyingi huondoa maarifa: Somo kwa wanaopiga hesabu za kamari

 

Ndugu msomaji, mimbari zetu zimezoea kumkemea mcheza kamari kama mtu mvivu, asiyetaka kufanya kazi wala kufikiri. Ni kweli wapo wa namna hiyo. Lakini sisi tunaofundisha vijana tunaona jambo jingine ambalo halizungumzwi. Kijana anayezama kabisa mara nyingi si yule anayetupa sarafu kwa kupitisha muda akaenda zake. Ni yule mwenye akili, anayefikiri sana, mwenye daftari, anayesema kwa kujiamini: “Ustadhi, mimi sichezi kamari, mimi napiga hesabu.”

Kauli hiyo inahitaji kujibiwa kwa elimu, maana kijana huyu ukimwambia tu “ni haramu” anakuitikia kwa adabu, kisha anarudi kwenye hesabu zake. Kwa hiyo katika makala haya tutajiuliza maswali mawili. Kwanza, je, hizo hesabu na mbinu zinafanya kazi? Pili, je, kamari ikichanganywa na akili hukumu yake inabadilika?

Hali ilivyo

Hapa Rudewa, kwenye barabara itokayo Dumila kwenda Kilosa, watu wanaishi kwa mahindi, mpunga, ufuta na vibarua vya mashamba ya mkonge. Si mji mkubwa. Hata hivyo zile mashine za sarafu ya shilingi 200, ambazo vijana wanaziita dubwi, zimefika hadi barazani kwa maduka. Na ambaye haendi kwenye mashine anayo simu mkononi: anabeti mpira, anacheza mchezo wa ndege, na wengine wameanza poka ya mashine, ule mchezo wa karata kwenye kioo. Msomaji uliye Magomeni, Tanga au Morogoro mjini usidhani nakusimulia habari za shamba. Kilichofika Rudewa kimepita kwako kwanza.

Kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu, hodari wa hisabati, alinionyesha daftari lake kubwa. Ameandika kwa mistari iliyonyooka ndege iliruka mpaka wapi, saa ngapi, baada ya mizunguko mingapi. Pembeni kuna mishale na duara za kalamu nyekundu. Alikuwa anatafuta “mpangilio”. Nilitazama kurasa zile kwa masikitiko, kwa sababu kazi ile ingekuwa ya somo ningempa alama za juu. Kijana hakupungukiwa na akili. Tatizo ni pale alipoipeleka.

Mashine ambayo akili inasaidia kweli

Tuanze na mchezo unaompa nguvu zaidi mwenye hoja hii, nao ni poka ya mashine. Mchezo huu ulienea Marekani, katika jimbo la Nevada, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mchezaji anapewa karata tano, anachagua za kubakiza na za kutupa, kisha mashine inamjazia nyingine. Kwa kuwa kila karata anaweza kuibakiza au kuitupa, ana njia 32 za kuamua. Hapa ni kweli kwamba uamuzi mzuri na mbaya vina tofauti. Wataalamu wa hesabu wamekwisha kuupiga mchezo huu hadi mwisho na kutoa jedwali la nini kibakizwe kwa kila aina ya mkono.

Sasa sikiliza matokeo yake. Katika aina ijulikanayo zaidi, yenye malipo mazuri, mtu akicheza bila kosa hata moja na kuweka dau kamili, mashine inamrudishia wastani wa asilimia 99.54 ya anachoweka. Yaani bingwa asiyekosea, kwa kila shilingi 100,000 anazozungusha, anarudishiwa wastani wa shilingi 99,540. Huyo ndiye aliyefika kileleni mwa akili, na bado analiwa.

Tena hayo ni pale mwenye mashine anapokuwa mkarimu. Mashine hiyo huulipa mara 9 ya dau mkono wenye karata tatu za namba moja na mbili za namba nyingine, na mara 6 ukiwa na karata zote tano za aina moja. Mwenye mashine akishusha malipo hayo mawili tu, 9 ikawa 8 na 6 ikawa 5, marejesho yanashuka hadi asilimia 97.3 hivi. Karata ni zile zile, kioo ni kile kile, na akili ya mchezaji ni ile ile. Kilichobadilika ni tarakimu mbili ubaoni, na mchezaji hana kauli juu yake.

Fanya hesabu mwenyewe. Mchezaji mwepesi anacheza mikono 600 kwa saa. Akiweka shilingi 1,000 kila mkono, kwa saa moja amezungusha shilingi 600,000. Kwenye mashine ile ya kwanza bingwa anapoteza wastani wa shilingi 2,760 kwa saa. Kwenye ile ya pili anapoteza wastani wa shilingi 16,200. Zaidi ya hapo, ndani ya ile asilimia 99.54 kuna karibu asilimia 2 inayotokana na mkono wa kifalme, ambao hutokea wastani wa mara moja katika mikono 40,000. Kwa mwendo huo ni kama saa 67 za kucheza bila kupumzika. Mpaka upate mkono huo, unaliwa zaidi ya ninavyosema.

Jambo la kuzingatia zaidi ni hili. Jedwali la mbinu bora halibadiliki. Kila mara mchezaji anapojitia kufikiri kuliko jedwali, akasema “leo nyekundu zinakuja” au “mashine hii imekwisha kushiba, sasa itatapika”, anajiongezea hasara. Kwa hiyo hata katika mchezo huu mmoja wenye nafasi ya akili, neno la mwisho la akili kwa mchezaji ni: usifikiri zaidi ya hapa. Na akili ikiachwa iseme kweli mpaka mwisho itaongeza: ondoka. Wahenga walisema, akili nyingi huondoa maarifa.

Mashine ambazo akili haina mlango

Ikiwa hali ni hiyo kwenye poka, basi dubwi na mchezo wa ndege ni zaidi. Huko hakuna uamuzi wowote unaobadilisha wastani wa marejesho. Mashine inaongozwa na programu inayotoa namba bila mpangilio, na mzunguko wa sasa haujui lolote juu ya uliopita. Ukirusha sarafu ikaangukia kichwa mara tano, mara ya sita nafasi ni nusu kwa nusu kama mara ya kwanza. Sarafu haina kumbukumbu wala haioni haya.

Watu wenye fedha nyingi kuliko sisi walikwisha kujifunza jambo hili kwa machungu. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, mpira wa gurudumu la kamari uliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Kadiri nyeusi ilivyojirudia ndivyo watu walivyozidi kumwaga fedha kwenye nyekundu, wakiamini kwamba “sasa ni zamu yake”. Kasino ikavuna mamilioni.

Mchezo wa ndege, mtengenezaji wake mwenyewe anatangaza kwamba marejesho ni asilimia 97. Kijana anasema, “Asilimia 3 si kitu.” Lakini asilimia hiyo haikatwi mara moja kwenye mtaji. Inakatwa kwenye kila dau. Mwenye shilingi 50,000, akiweka na kuweka tena mpaka fedha hiyo imezunguka mara 20, amekwisha kuweka jumla ya shilingi 1,000,000. Asilimia 3 ya hiyo ni shilingi 30,000, zaidi ya nusu ya mtaji wake.

Wako wenye mbinu ya kurudufu dau: ukiliwa 500 weka 1,000, ukiliwa weka 2,000, na kuendelea, kwani “lazima siku moja itaingia”. Tuipime. Ukiliwa mara nane mfululizo umekwisha kupoteza shilingi 127,500, na yote hayo ulikuwa unatafuta faida ya shilingi 500. Tuseme nafasi ni nusu kwa nusu. Kuliwa mara nane mfululizo hutokea mara moja katika majaribio 256. Mara 255 unapata 500, jumla 127,500. Mara moja unapoteza 127,500. Jibu ni sifuri. Hiyo ni kama mchezo ungekuwa wa haki, na mchezo si wa haki, maana mwenyewe amekwisha kuchukua fungu lake.

Na mkeka wa mpira je? Chukua mechi kumi ambazo kila moja nafasi ni nusu kwa nusu, na kampuni inatoa odi ya 1.90. Odi hizo zikizidishwa zinafika 613, na kijana anaona shilingi 1,000 ikigeuka 613,000. Lakini nafasi ya mechi zote kumi kukubali ni moja katika 1,024. Kwa haki ilipaswa ulipwe 1,024,000. Yaani katika kila shilingi 1,000, karibu 400 imekwisha kwenda kabla mpira haujaanza. Kadiri unavyoongeza mechi kwa “uchambuzi”, ndivyo unavyoongeza fungu la kampuni.

Inafaa kijana wetu ajue pia kwamba elimu hii ya kupima bahati kwa namba si siri yake peke yake. Wanahisabati wa Ufaransa, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua mwaka 1654 juu ya swali lililotoka kwa wacheza kamari, na kutoka hapo elimu hiyo ikakua. Leo mwenye mashine ndiye anayeitumia, na amekwisha kuimaliza kabla hajaiwasha.

Kwa nini mwenye akili ananaswa

Hapana shaka msomaji atauliza: ikiwa hesabu ziko wazi hivi, kwa nini mtu hodari haoni? Sababu ziko tatu.

Kwanza, mashine inalipa mara moja moja, kwa wakati usiotabirika. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha kwamba mnyama anayepewa chakula kwa nyakati zisizotabirika hubonyeza kitufe kwa ukaidi zaidi kuliko anayepewa kwa utaratibu.

Pili, ni kule “kukosa kidogo”. Mkeka umechanika kwa mechi moja, ndege imepaa mara tu baada ya kutoa fedha. Kukosa kidogo ni kukosa tu, lakini moyo unakuhesabu kama kukaribia.

Tatu, na hii ndiyo kubwa, mbinu inaitakasa mashine. Asiye na mbinu akiliwa anasema, “Nimeibiwa”, na huenda akaacha. Mwenye mbinu akiliwa anasema, “Nilikosea, nilitoa mapema, sikufuata mfumo.” Lawama anajitwisha yeye, mashine inabaki haina kosa, na dawa anayoiona ni kurekebisha mbinu na kurudi kesho. Hivyo ile akili aliyopewa na Allah (sw) imtoe kwenye shimo ndiyo inayomchimbia.

Hukumu ya Sharia

Tukija kwenye swali la pili, tutazame kamari iliyoteremshiwa aya ilikuwaje. Waarabu wa zama za Jahiliya walichinja ngamia, wakagawa nyama mafungu, kisha wakatoa mishale kumi kwenye mfuko. Saba ilikuwa na mafungu, mitatu haikuwa na kitu. Aliyetokewa na mitupu ndiye aliyelipa bei ya ngamia. Na walioshinda walikuwa na desturi ya kuwapa nyama maskini, na walijifakharisha kwa ukarimu huo. Pamoja na hayo, Qur’an katika Suratul Baqara (2:219) ilikiri kwamba kuna manufaa kwa watu, ikabainisha kuwa madhambi yake ni makubwa kuliko manufaa hayo. Kisha katika Suratul Maida (5:90-91) ikaitaja kuwa ni uchafu na kazi ya shetani, ikaamrisha kujiepusha nayo.

Basi ikiwa kulisha maskini hakukuifanya halali, vipi daftari lenye mistari mizuri? Wanazuoni wameeleza kwamba kamari ni kila mchezo ambao washiriki wanatoa mali, kila mmoja akiwa baina ya kupata na kupoteza, na apataye anakula mali ya mwenzake bila badali. Maelezo hayo hayakumtenga mjinga na mwenye akili. Aidha, Mtume (saw) aliporuhusu zawadi ya mashindano alitaja mishale, ngamia na farasi, mambo ya kuandaa umma kujilinda. Lau ustadi peke yake ungetosha kuhalalisha, pasingekuwa na haja ya kuyataja hayo mahsusi.

Vijana wa hapa wana hoja moja wanayoipenda: “Ustadhi, kilimo nacho ni kamari. Unapanda, mvua inakataa.” Hoja hii ina sura ya kweli, hivyo tuijibu. Mkulima wa Rudewa akivuna magunia 20 hakumnyang’anya mtu. Ardhi imetoa kisichokuwepo. Akifikiri zaidi, akapanda kwa wakati, akachagua mbegu na kupalilia mapema, Allah (sw) akipenda mavuno yanaongezeka. Kwenye mashine hakuna kinachoota. Kinachotoka ni kile kilichoingia, kikiwa kimepunguzwa. Mkulima amefunga ngamia wake kisha akamtegemea Mola wake. Mcheza kamari amemfunga ngamia kwenye mti wa mtu mwingine.

Wengine husema serikali imeruhusu. Ni kweli, Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi ya kuisimamia. Lakini sheria hiyo hiyo inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza. Leseni inampa mtu ruhusa ya kufungua mlango. Haimfanyi Muislamu awe na udhuru wa kuingia.

Na madhara yaliyotajwa katika aya ya 91 ya Suratul Maida tunayaona kwa macho: uadui, chuki, kuzuiwa na kumkumbuka Allah na swala. Mwenye mbinu ana balaa zaidi katika hili la mwisho. Mwili wake unaweza kuwa kwenye safu ya Isha, lakini moyo unahesabu mizunguko. Anaposujudu anakumbuka odi.

Tufanye nini?

Yule kijana nilimwomba jambo moja tu: daftari lake aliongeze safu mbili, iliyoingia na iliyotoka, kwa miezi yote aliyoandika. Alipojumlisha alikuta ameweka shilingi 412,000 na kutoa 268,500. Zilizopotea, 143,500, zilikuwa sehemu ya fedha aliyopewa na mama yake baada ya kuuza ufuta, aanzie chuo cha ufundi. Alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza: “Ustadhi, nikizirudisha kwanza hizi, halafu ndiyo niache?”

Swali hilo ndilo mbinu kubwa kuliko zote, na ndilo limeteketeza nyumba nyingi. Jibu ni hapana. Fedha iliyoliwa si deni unaloidai mashine. Imekwenda. Toba ina masharti: kuacha sasa hivi, kujuta, na kuazimia kutorudia. Anayesema “nitaacha nikisharudisha” hajaacha. Mtume (saw) ameelekeza kwamba hata anayemwita mwenzake tu waje wacheze kamari, atoe sadaka. Tazama tiba hiyo: mkono uliozoea kutoa kwa tamaa unafundishwa kutoa kwa ajili ya Allah.

Wazazi, mnaotuma ada kwa simu ulizeni risiti ya shule, si kwa kushuku bali kwa kulea. Na mama akikuta kijana ameliwa, asimfukuze akamalizie usiku barazani kwenye mashine. Walimu wenzangu wa hisabati, somo la uwezekano lisiishie kwenye mipira ya rangi ndani ya mfuko. Wafanyieni vijana hesabu ya mkeka ubaoni.

Wenye maduka, hapa ndipo pazito. Mashine nyingi zimewekwa barazani kwa Waislamu, wanaopewa fungu lao kila juma, na katika hao wapo wanaochangia ujenzi wa msikiti. Allah (sw) ametukataza kusaidiana katika dhambi na uadui (5:2), na Mtume (saw) ametufundisha kwamba Allah ni mwema na hapokei ila kilicho chema. Hatuwezi kumwonya kijana ndani ya msikiti, kisha akitoka akanunue sarafu za mia mbili mbili kwa aliyekaa safu ya mbele.

Kamati za misikiti nazo zijiulize: kijana anapotafuta mtaji wa halali wa shilingi 100,000 anakwenda wapi? Akikosa mlango kwetu, mlango wa mashine uko wazi usiku na mchana. Mfuko mdogo wa kukopeshana bila riba, ukisimamiwa kwa uaminifu, una nguvu kuliko hotuba kumi.

Ndugu yangu mwenye daftari, akili uliyonayo ni amana, na utaulizwa uliitumia katika nini. Hesabu zako zilikuwa sahihi. Zilikosa mstari mmoja tu wa mwisho, ule wa kujumlisha. Jumlisha leo, kisha funga kurasa.

Wallahu a’lam.